Jina Moja, Kadi Mbili: Kumbukumbu ya Kadi ya Grafiki Isomwe Vipi

Mwaka 2023 kampuni ya NVIDIA ilitoa kadi mbili za grafiki zenye jina moja, GeForce RTX 4060 Ti. Ya kwanza, ya mwezi Mei, ilikuwa na kumbukumbu ya GB 8 kwa dola 399. Ya pili ikafuata Julai na GB 16 kwa dola 499. Chipu ni ileile na kasi ya kumbukumbu ni ileile. Hata njia inayounganisha chipu na kumbukumbu haikupanuliwa. Kwa anayeunga kompyuta mpya ya nyumbani, jozi hii ni somo zuri kuliko tangazo lolote, maana dola 100 zote zimekwenda kwenye kitu kimoja tu.

GB hizo hupatikanaje? Kumbukumbu hukaa kwenye vipande vidogo vyeusi vilivyoizunguka chipu, na kila kipande cha aina ya GDDR6 huchukua biti 32 za njia. Njia ya biti 128 basi ina nafasi ya vipande vinne. Vikiwa vya GB 2 kila kimoja, jumla ni GB 8 na hapo mlango umefungwa. Anayetaka zaidi hulazimika kubandika vipande vingine vinne mgongoni mwa bodi, viwili viwili vikigawana njia moja. Ndivyo GB 16 zilivyopatikana. Nafasi iliongezeka maradufu, lakini kasi ya kupitisha data ikabaki GB 288 kwa sekunde.

Hesabu hiyohiyo inaeleza RTX 3060 ya Februari 2021, iliyokuja na GB 12 wakati RTX 3070, kadi iliyo juu yake, ilikuwa na 8. Njia ya 3060 ni biti 192, yaani vipande sita: ukiweka vya GB 1 unapata 6, ukiweka vya GB 2 unapata 12. Mwishoni mwa 2022 ikaingia sokoni 3060 nyingine, yenye GB 8 na njia ya biti 128, na kasi yake ikashuka kutoka GB 360 hadi 240 kwa sekunde. Jina halikubadilishwa. GT 1030 ilitendewa vibaya zaidi. Ile ya 2017 ilitumia GDDR5 na kupitisha GB 48 kwa sekunde, na ile ya 2018 ikawekewa DDR4 na kuangukia chini ya GB 17. Huku ni kumpunja mnunuzi, hasa mnunuzi wa kipato kidogo ambaye ndiye hununua kadi za daraja hilo.

Sasa njoo kwenye RTX 4060 ya Juni 2023, iliyouzwa dola 299. Ina GB 8, biti 128, na hupitisha GB 272 kwa sekunde, pungufu kuliko 3060 ya GB 12 iliyoitangulia. Hata hivyo kwenye skrini ya pikseli 1920 kwa 1080 huishinda katika gemu nyingi. Siri iko ndani ya chipu. Akiba ya ndani, ile sehemu ndogo yenye kasi kubwa inayoshika data inayohitajika mara kwa mara, ilikuzwa kutoka MB 3 hadi MB 24. Chipu ikikuta data palepale haina haja ya kuifuata nje, na njia nyembamba haiumizi sana. Ukipandisha picha hadi 4K, data huwa nyingi mno kwa akiba hiyo, na wembamba wa njia huanza kuonekana.

Ila akiba haiongezi nafasi. Gemu ikidai zaidi ya GB 8, ziada husukumwa kwenye RAM ya kompyuta, nayo iko mbali kwa vipimo vya chipu. The Last of Us Part I ilipotolewa kwa kompyuta Machi 2023, wenye kadi za GB 8 waliokuwa kwenye mipangilio ya juu waliona picha ikikwama na sura za vitu zikiwa na ukungu. Masahihisho yaliyofuata yalipunguza tatizo, lakini mwelekeo ulishajulikana. Kwa hiyo ukisoma vipimo vya kadi usiishie kwenye wastani wa fremu kwa sekunde. Tazama fremu za chini kabisa, maana mkwamo hujificha humo.

Ziada hiyo hupita kwenye PCIe, yaani tundu la mazabodi linalochomekwa kadi, na hapa ndipo wengi hupoteza fedha bila kujua. RTX 4060 hutumia njia 8 tu kati ya 16 za tundu. RX 6500 XT ya Januari 2022, yenye GB 4, hutumia 4. Kwenye mazabodi ya PCIe 4.0 inavumilika. Ukiichomeka kadi ya namna hii kwenye ya PCIe 3.0 kasi ya kupitisha data inakatwa nusu, na gemu inayojaza kumbukumbu huporomoka. Chunga pia prosesa. Ryzen 5 5600G hupendwa na anayetaka kuanza bila kadi kisha aiongeze fedha zikipatikana, lakini prosesa hiyo inaishia PCIe 3.0, wakati ndugu yake 5600X inafika 4.0. Mwenye mpango huo achague kadi yenye njia 16, au yenye kumbukumbu ya kutosha isihitaji kumwaga ziada.

Nyumba ya kazi za shule, filamu na barua haihitaji kadi kabisa. Grafiki iliyo ndani ya prosesa inatosha.

Kwa anayetengeneza picha za 3D kwa programu ya Blender hali ni tofauti. Mandhari isiyoenea kwenye kumbukumbu hutengenezwa polepole mno au hukataa kabisa, hivyo 3060 ya GB 12 bado ina heshima yake. Anayerekodi video kwa muundo wa AV1 ataikosa huduma hiyo kwenye 3060 na kuipata kwenye 4060.

Umeme nao uhesabiwe. 3060 hula hadi wati 170, 4060 wati 115. Kwa saa tatu za gemu kila siku, tofauti hiyo ni kama yuniti 5 za umeme wa LUKU kwa mwezi. Si nyingi, ila kwa mwenye UPS ndogo wati 55 zinaweza kuamua kama mashine itabaki hai umeme ukikatika.

Kwa gemu, mimi ningechukua RX 9060 XT ya GB 16, iliyozinduliwa Juni 2025 kwa dola 349, na ningemkwepa pacha wake wa GB 8 mwenye jina lilelile. Kwa Blender, RTX 5060 Ti ya GB 16. Mwenye fungu dogo aiangalie Intel Arc B580 ya GB 12, dola 249 ilipotoka, mradi prosesa yake si ya zamani na mazabodi inakubali mpangilio wa Resizable BAR. Madukani Dar es Salaam au Nairobi kuna usafiri na kodi juu ya bei hizo.

Ukinunua kadi iliyotumika, mwombe muuzaji aiwashe kwenye mashine na afungue programu ya bure ya GPU-Z. Humo utasoma aina ya kumbukumbu, ukubwa wake, upana wa njia kwa biti na toleo la PCIe. Tangu 2018 programu hiyo pia hutambua kadi nyingi za kale za NVIDIA zilizobadilishwa jina ili ziuzwe kama mpya, na huonyesha neno FAKE mbele ya jina. Fanya hivyo kabla ya kulipa.