Mota Haijaungua: Jinsi Injini ya Hornby Dublo Ilivyofufuliwa Makongeni

Fundi wa Eastlands akiletewa mota iliyogoma, neno la kwanza huwa "imeungua, isukwe upya". Kwa injini ya kuchezea ya Hornby Dublo, hukumu hiyo ni ya haraka mno. Kampuni ya Meccano ya Liverpool ilianza kuziuza mwaka 1938, nazo hutumia volti 12 za DC. Hii ya Makongeni, mtaa uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, ni ile ndogo inayobeba tangi la maji ubavuni.

Hatukuanza na bisibisi. Betri ya pikipiki iliunganishwa na balbu ya gari ya wati 21, waya mmoja ukagusa magurudumu, wa pili vibao vya kupokelea umeme chini ya injini. Balbu ndiyo mlinzi: kukiwa na shoti inawaka kwa nguvu zote, na mkondo haufiki ampea 2. Yetu haikuwaka hata kidogo. Basi hapakuwa na shoti. Umeme ulikuwa umekatika njiani.

Mafuta ya zamani yalikuwa yameganda kama gundi, kaboni zimekwama ndani ya vishikizo. Zilitolewa, komyuteta ikafutwa kwa pamba yenye spiriti, kisha uchafu ukachokolewa kwa kijiti cha meno kwenye mianya mitatu kati ya vipande vyake. Msasa usitumike, mikwaruzo hula kaboni. Ndipo ukinzani ukapimwa kwa mita kati ya kila vipande viwili vya komyuteta. Vipimo vitatu vilikaribiana, ishara kwamba koili ni nzima. Kimoja kingeachana sana na vingine, hapo fundi wa kusuka mota angestahili kuitwa.

Amecha, sehemu ya mota inayozunguka, haikuchomolewa, na huu ndio uamuzi ulioiokoa injini. Sumaku za kwato za matoleo ya mwanzo hupoteza nguvu amecha ikichomolewa bila kipande cha chuma laini kuziba pengo. Sumaku ikidhoofika, mota hunyonya umeme mwingi, hupata moto na kushindwa kuvuta mabehewa, na wengi hudhani koili zimeharibika.

Kaboni ziliporudishwa, tone moja la mafuta mepesi kwenye kila beringi lilitosha, injini ikaondoka.

Ukiwa nayo, usiiweke kwenye reli mbili za kisasa: magurudumu yake hayana kizuizi cha umeme, yataleta shoti. Na transfoma yake ya zamani usiichomeke ukutani kabla nyaya hazijabadilishwa. Mpira wa nyaya hizo hupasuka kwa uzee, na umeme wa nyumbani Kenya ni volti 240.