Ufundi wa Mganga Mfawidhi

Nyamwaga ndiko yaliko makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Tarime, na ndiko iliko hospitali ya wilaya. Ni nchi ya vilima, migomba na mahindi, na mgodi wa dhahabu wa North Mara hauko mbali. Anayetoka hospitalini akiwa mzima humsifu daktari aliyempasua au mkunga aliyempokea mtoto, na sifa hizo ni haki yao. Lakini ipo kazi ambayo mgonjwa haioni, na isipofanyika daktari hubaki na maarifa yake mikono mitupu: kazi ya kupanga, kugawa, kusimamia na kuongoza watu. Naisifu kazi hiyo kwa moyo wote, kwa sababu ni ufundi kamili, na ufundi hujifunzwa.

Angalia anayekabidhiwa. Tabibu wa zahanati, aliyetumia miaka ya chuo kusoma magonjwa na dozi, anapata barua ya uteuzi: kuanzia leo ndiye mganga mfawidhi. Funguo za stoo ni zake, na ratiba ya zamu, vitabu vya takwimu vya MTUHA, vikao vya kamati ya usimamizi. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za serikali zinakwenda moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, kwa hiyo maamuzi mengi yaliyokuwa yakifanywa wilayani sasa yako juu ya meza yake ya mbao. Heshima hiyo ni kubwa, na mzigo wake ni mzito kwa mtu ambaye hakufundishwa kuubeba.

Ufundi wenyewe huonekana kwenye mambo madogo. Chukua kuagiza dawa ya mseto ya malaria kutoka Bohari ya Dawa. Tuseme leja inaonyesha kwamba mwezi uliopita zilitoka dozi 200. Asiyefundishwa ataandika 200 na kuipeleka fomu. Fundi anauliza kwanza: rafu ilikaa tupu siku ngapi? Kama ni siku 10, basi zile dozi 200 zilitoka kwa siku 20, na mahitaji halisi ya mwezi ni dozi 300. Wagonjwa 100 waliokosa hawamo kwenye leja. Walirudi nyumbani na homa zao, au walinunua dukani kwa fedha ya kuazima. Kisha anatazama kalenda, anaona masika yanakaribia na malaria itapanda, anaongeza tena. Ni hesabu ya dakika chache, lakini ndiyo inayoamua kama mtoto atakayeletwa mgongoni mwa mama yake mwezi Aprili atapata dozi au ataandikiwa karatasi ya kwenda kununua.

Hesabu ya namna hiyo ikifanywa kwa wilaya nzima, matunda yake ni makubwa, na nchi yetu imeshayaona. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Wizara ya Afya na shirika la Kanada la IDRC waliendesha TEHIP, mradi wa kuboresha mipango ya afya, katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini. Wahojaji walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani amefariki na alikuwa na dalili gani. Majibu yalipowekwa kando ya bajeti, ikabainika kwamba huko Morogoro malaria ilibeba asilimia 30 ya miaka ya maisha iliyopotea, ilhali bajeti ya 1996 iliitengea asilimia 5 tu. Hakuna aliyekuwa ameiba. Fedha zilikwenda kule zilikozoea kwenda. Timu za wilaya zikapewa zana za kuliona hilo, mafunzo ya usimamizi, na nyongeza ya fedha isiyofika dola moja kwa kila mkazi kwa mwaka. Wakaelekeza nguvu kwenye malaria na matibabu ya watoto, na ndani ya miaka michache vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano katika wilaya hizo vikapungua kwa zaidi ya asilimia 40.

Mkakati maana yake ni hiyo: kujua kinachoua watu wako, kisha kuwa na ujasiri wa kuhamisha shilingi.

Utaratibu wa kila siku nao una nafasi yake. Mwaka 2007 hospitali ya rufaa ya Mbeya ilianza kutumia njia ya Kijapani ya 5S, ambayo wahudumu wetu wanaitaja kwa maneno matano: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Katika stoo iliyosasambuliwa, dawa inayokaribia kuisha muda hukaa mbele, na muuguzi wa zamu ya usiku hatafuti drip kwa tochi ya simu huku mama anavuja damu.

Lakini hakuna fomu inayoongoza watu. Ukuryani, yaani huku kwa Wakurya wa Tarime, mfawidhi anayeijua kazi yake huwaendea wazee wa mila mapema, miezi kadhaa kabla ya Desemba ya msimu wa ukeketaji. Huwasihi waiache mila hiyo, kwa adabu na bila kuyumba, na wakati huohuo huhakikisha damu na wauguzi wapo kwa ajili ya wasichana watakaoletwa wakivuja damu. Ngazi ya wilaya nayo ina mazungumzo yake: kwa kuwa marekebisho ya Sheria ya Madini ya 2017 yanautaka mgodi kama ule wa North Mara kukubaliana na halmashauri juu ya miradi ya jamii, mganga mkuu wa wilaya anapaswa kuingia kikaoni akiwa na takwimu, aweze kusema kwa nini chumba cha upasuaji kitangulie jengo jingine. Asiyejipanga hupangiwa.

Mafunzo yapo. Kituo cha CEDHA Arusha na Chuo Kikuu Mzumbe wanafundisha usimamizi wa huduma za afya. Kinachotakiwa ni mfawidhi wa zahanati ya mbali ayapate kabla ya kukabidhiwa funguo, si baada ya stoo kukauka. Nasi wananchi, tunapochagua wajumbe wa kamati ya zahanati, tuchague watu wanaoweza kufungua leja na kuuliza rafu ilikaa tupu siku ngapi. Mganga fundi hataudhika na swali hilo. Atafurahi kwamba hatimaye kuna anayeiona kazi yake.