Mbuzi, Miwa na Telegramu: Uhakiki wa Shuhuda za Enzi ya Amin kutoka Jinja na Mbale

Mnamo Septemba 1972, siku chache baada ya wanamichezo wa Israeli kuuawa mjini Munich, Idi Amin alimpelekea Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Kurt Waldheim, telegramu iliyosifu mauaji ya Wayahudi milioni 6 yaliyotendwa na utawala wa Hitler. Maandishi mengi huitaja telegramu hiyo kama kioja cha mtawala aliyependa kuwashtua wageni. Usomaji huo ni mwepesi mno. Wakati ilipoandikwa, siku 90 walizopewa Waasia kuondoka Uganda zilikuwa zinahesabiwa, Waisraeli walikwisha kufukuzwa mapema mwaka huohuo, na katika vilima vilivyo karibu na Mbale waliishi Wayahudi Waafrika, raia wa Uganda, ambao hakuna balozi yeyote aliyewaulizia. Chuki iliyotumwa New York kwa simu ya maandishi ilikuwa na wa kuipokea nyumbani.

Jamii hiyo, Abayudaya, ilianzishwa na Semei Kakungulu, kiongozi wa kijeshi wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuitwaa mashariki ya Uganda kisha akakosana nao. Mwaka 1919 alitahiriwa pamoja na wanawe, akaifuata Torati, na wafuasi wake wakabaki katika imani hiyo baada ya kifo chake mwaka 1928. Chini ya Amin ibada yao ilipigwa marufuku na masinagogi yakafungwa. Idadi yao, iliyokadiriwa kuwa 3,000, ilishuka hadi takriban 300. Wengi hawakuuawa, walibadili dini. Jambo hili ndilo linalouweka ushuhuda wa Mbale katika hali ya pekee: manusura hapa ni aliyebaki Myahudi, na wakati mwingine ni ndugu wa damu wa yule aliyeacha.

Ushuhuda huo umeufikia ulimwengu hasa kwa njia ya muziki. Mwaka 2003 shirika la Smithsonian Folkways lilitoa mkusanyo wa nyimbo za Abayudaya uliotayarishwa na Jeffrey Summit, ukateuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Thamani yake haina shaka. Zaburi za Kiluganda zinazosikika humo ni hati ya kihistoria, kwa kuwa jamii iliyonyimwa jengo na vitabu huweza bado kuhifadhi sala katika koo zake. Hata hivyo, msikilizaji wa mbali hupokea furaha ya kwaya kabla hajapata habari za miaka ya kimya. Ndivyo ilivyo pia kwa ushirika wa kahawa wa Mirembe Kawomera, uliobuniwa mwaka 2004 na Joab Jonadab Keki ukiwaunganisha Wayahudi, Wakristo na Waislamu. Simulizi la amani linauza kahawa, na si vibaya liuze; lakini mnunuzi hulazimika kuitafuta kwingine sababu ya amani hiyo kuhitaji kutengenezwa.

Jinja inatoa mfano wa aina nyingine. Manubhai Madhvani, wa familia yenye mashamba ya miwa na kiwanda cha sukari cha Kakira, alifungwa katika gereza la kijeshi la Makindye mwaka 1972, na miongo kadhaa baadaye akasimulia maisha yake katika kitabu *Tide of Fortune*, alichokiandika pamoja na Giles Foden. Ni kitabu cha mtu mwenye kumbukumbu za biashara na njia ya kumfikia mchapishaji. Kinajitambulisha kuwa hadithi ya familia, na wakataji miwa wa Kakira si wasimulizi wake. Lakini kukisoma sambamba na nyimbo za Mbale kunafichua jambo ambalo kila kimoja peke yake hakiwezi kulionyesha. Shutuma aliyoitoa Amin dhidi ya Waasia, kwamba walimkamua ng'ombe bila kumlisha, ni shutuma ileile waliyotupiwa Wayahudi wa Ulaya kwa karne nyingi, ikiwa imevikwa vazi la wafugaji. Si ajabu kwamba wafanyabiashara Wahindi waliwahi kuitwa "Wayahudi wa Afrika Mashariki", jina lililowatusi watu wa jamii mbili kwa pamoja.

Shuhuda hizi hazipaswi kusomwa kwa unyenyekevu unaofuta maswali. Gershom Sizomu, rabi aliyepata daraja hilo mwaka 2008 na kuchaguliwa mbunge mwaka 2016, amesimulia jinsi baba yake alivyokamatwa kwa ajili ya ibada na kuachiwa kwa malipo ya mbuzi. Maelezo hayo madogo yana uzito kuliko hotuba nyingi, maana yanaonyesha udikteta ulivyofanya kazi kijijini: sheria ya Kampala ikigeuka mradi wa askari mwenye njaa ya kitoweo. Kwa upande mwingine, jamii hukumbuka kuanguka kwa Amin kama muujiza wa Pasaka. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979, na jioni hiyo Pasaka ya Kiyahudi ilikuwa inaingia. Ulinganifu huo ni wa kweli. Ila Jinja ilitekwa tarehe 22 Aprili, baada ya sikukuu kwisha, na Mbale baada ya Jinja. Usiku ule wa Pasaka, basi, watu wa vilima hivyo walikuwa bado upande wa Amin wa uwanja wa vita. Simulizi limezikunja siku hizo kuwa usiku mmoja, kama Kitabu cha Kutoka kilivyowafundisha wasimulizi wake. Mtafiti anayeuita uongo amekosea fani. Anayeuchukua kama ratiba ya vita amekosea pia.

Lililo gumu zaidi kwa wanazuoni wa Kiswahili ni nafasi ya lugha yenyewe. Kwa Waganda wengi wa umri huo, Kiswahili kilikuwa sauti ya kizuizi cha barabarani. Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa kwa amri mwaka 1973. Wanajeshi wa Tanzania waliomng'oa walikizungumza pia. Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoidhinisha Kiswahili kuwa somo la lazima shuleni mwaka 2022, mjadala ulihusu zaidi walimu na vitabu kuliko kumbukumbu hiyo. Mshauri wa sera anayetaka shuhuda za Mbale na Jinja ziingie katika vitabu vya kiada hana budi kuanza na rekodi za Kiluganda, Kilugwere, Kilugisu, Kilusoga na Kigujarati, na kuzitafsiri baadaye. Aliyekuwa na umri wa miaka 15 wakati wa telegramu alizaliwa 1957, na wazee wake wengi hawapo tena. Tena msimulizi ndiye aamue kipi kifungwe na kwa muda gani, kwa sababu iwapo atamtaja aliyechukua mbuzi, wajukuu wa mtu huyo huenda wanachota maji katika kisima kimoja na wajukuu wake.