Giaboksi ya DX na sentimita chache za mwisho

Mluzi ulisikika gia namba moja, mbili na tatu. Ukitia namba nne, kimya. Mafundi wengi wangeshusha giaboksi kwanza, halafu ndiyo waanze kuutafuta ugonjwa. Huyu alizunguka mtaa mara mbili akisikiliza tu, na kazi nzima ilinyooka kwa sababu hiyo.

Gari ni Corolla KE70, ile ambayo Nairobi huitwa DX: injini ya 4K yenye cc 1,290, nguvu inakwenda magurudumu ya nyuma. Giaboksi yake, K40, ina gia nne. Ukiwa namba nne, shafti inayotoka kwenye injini na ile inayokwenda kwenye propela hufungamana zikazunguka kama kitu kimoja. Shafti ya chini, kaunta, inaendelea kuzunguka lakini haibebi mzigo. Kelele inayokufa namba nne basi inatoka kwenye kaunta na beringi zake. Gari liliposimama katika gia huru, kelele ilirudi pedali ya klachi ilipoachiwa, ikapotea ilipokanyagwa. Rilizi beringi ingefanya kinyume.

Kuifungua K40 na kutafuta beringi mojamoja kungekula siku nyingi, kwa hiyo ilinunuliwa K50 ya mtumba, yenye gia tano. Kabla ya boliti yoyote kulegezwa upande wa gari, K50 ilifunguliwa kifuniko, ringi za shaba zikakaguliwa, shafti ikazungushwa kwa mkono.

Kushusha hakuna hadithi ndefu. Betri ilitolewa waya. Mkono wa gia ulichomolewa kutoka ndani: kofia yake hubonyezwa chini ikazungushwa. Oili ilimwagwa, propela ikatiwa alama kwenye flanji ya difu ili irudi ilivyokuwa, kisha kebo ya spidomita, waya wa taa za rivasi, stata. Boliti za juu za kengele ya giaboksi hazifikiki hadi injini iinamishwe kidogo kwa nyuma, na hapo lazima mtu mmoja akodolee macho feni isije ikala rejeta.

K40 na K50 zililazwa ubavu kwa ubavu juu ya gunia, zikapimwa urefu, meno ya shafti yakahesabiwa. Gia ndogo ya plastiki inayoendesha spidomita ilihamishwa kutoka giaboksi ya zamani, maana ile ndiyo iliyolingana na difu ya gari hili. Jambo dogo, lakini ukilisahau spidomita itakudanganya kila siku.

Klachi pleti mpya ilikuwa lazima. Ni ujinga kufika huko ndani ukairudisha iliyochakaa. Ilisawazishwa kwa kijiti kilichozungushiwa utepe hadi kikabana katikati ya pleti na pailoti beringi. Kisha giaboksi ikapandishwa kwa jeki, ikaingia vizuri, ikagoma ikiwa imebakiza kama sentimita tatu.

Hapa ndipo gari nyingi huharibiwa. Kishawishi ni kutia boliti na kuivuta kwa spana. Ukifanya hivyo, au ukiiacha ining'inie kwa uzito wake kwenye shafti, kitovu cha klachi pleti hupinda na klachi haiachii tena. Fundi aliweka spana chini. Alitia gia, msaidizi akazungusha shafti ya nyuma polepole, yeye akainua mkia wa giaboksi kidogo, akashusha, akainua. Meno yalipokutana ikateleza yenyewe hadi mwisho. Boliti zilifuata bila kulazimishwa.

Oili iliyotiwa ni 80W-90 ya GL-4, hadi ilipoanza kuchuruzika kwenye tundu la kujazia. GL-5 ina viungo vingi vya salfa, na vingine hushambulia shaba ya ringi.

Mluzi umeisha, na namba tano inatulia vizuri barabara kuu. Lakini baada ya wiki moja kulikuwa na doa sakafuni, chini ya mkia wa giaboksi. Sili ya nyuma ilikuwa mpya kabisa. Kilichoponza ni ncha ya propela inayoingia ndani yake: miaka mingi ya sili ya zamani ilikuwa imechimba mfereji kuizunguka, mfereji ambao kucha inausikia. Ncha hiyo ilipitishwa mikononi mwa watu wawili na kupanguswa kwa kitambaa, na hakuna aliyeipitisha kucha.