Video ya chikichi ni nzuri, ila jibu liko wapi?

Wiki iliyopita kijana mmoja wa nyumbani Simbo, yuko chuo mwaka wa kwanza, alinirushia WhatsApp video ya dakika nne. Ni kazi ya kikundi ya stadi za mawasiliano. Badala ya insha, waliambiwa waeleze jambo la kisayansi kwa picha na sauti. Wakachagua tenera, mchikichi wa kisasa unaohimizwa Kigoma.

Nianze na sifa, maana wanastahili. Wamepasua chikichi mbili mbele ya kamera: dura yenye ganda nene, na tenera yenye ganda jembamba na nyama nyingi ya kukamua mawese. Sekunde chache tu, umeelewa. Insha ingekula aya nzima na bado ungebaki unakisia.

Sasa mama mmoja mkulima anauliza, humo humo kwenye video: kwa nini asioteshe mbegu za tenera yake mwenyewe? Msimulizi anajibu, "Haishauriwi kitaalamu." Muziki unapanda, droni inapaa juu ya mashamba. Basi!

Jamani, sayansi yenyewe ilikuwa hapo. Mwaka 1941 Beirnaert na Vanderweyen, wakifanya kazi Kongo ya Wabelgiji, walionyesha kwamba unene wa ganda unaamuliwa na jeni moja. Tenera ni chotara wa dura na pisifera, ambayo haina ganda. Tenera kwa tenera, kwa wastani nusu ya miche ni tenera, robo inarudi dura, na robo ni pisifera, ambayo mara nyingi haizai. Chavua ikitoka kwenye dura za zamani za jirani (na Simbo zimejaa), nusu inakuwa dura. Mama angeligundua hilo baada ya miaka kama mitatu, shamba limeshaliwa.

Simlaumu mwanafunzi sana. Kwenye mwongozo wa alama alionionyesha, sehemu kubwa ni picha, sauti na "ubunifu". Hakuna aliyedai andiko kabla ya kamera kuwashwa. Ukikaa kuandika "kwa sababu" ndipo unagundua kwamba sentensi inayofuata huna.

Nilimuuliza kama jibu walikuwa nalo. Akasema walilipata, ila lilikuwa refu, lingeharibu video. Jedwali la visanduku vinne, kaka. Sekunde kumi.