Je, Kanji ni Herufi?

Mwananyamala, kama kwingineko Dar es Salaam, hupita magari yaliyotumika Japani yakiwa bado na maandishi ya huko ubavuni. Watu huyaita "herufi za Kijapani", na wako walimu na wafasiri walifuatao neno hilo. Hatuna budi kulipinga, kwa kuwa linaficha ugumu halisi wa lugha hiyo.

Kwa upande wa matamshi, mzungumzaji wa Kiswahili hana sababu ya kuogopa. Kijapani kina irabu tano kama chetu, na silabi zake nyingi huishia kwa irabu. Urefu wa irabu hutofautisha *obasan* (shangazi) na *obaasan* (bibi). Nasi twajua kwamba *kata* si *kataa*. Kitenzi huwekwa mwisho, baada ya yambwa, na jambo hilo huzoeleka.

Mzigo umo katika maandishi. Hiragana na katakana, zenye alama za msingi 46 kila moja, huwakilisha silabi. Kanji huwakilisha maana: alama ya mlima husomwa *yama* ikiwa peke yake, na *san* katika *Fujisan*. Orodha rasmi iliyotolewa mwaka 2010 ina kanji 2,136. Mwanafunzi aliyeambiwa kuwa hizo ni herufi hutazamia kuzimaliza upesi. Asipoweza, hujidhania mjinga, akaacha.

Kwa hiyo twapendekeza *alama-silabi* kwa hiragana na katakana, na *alama-maana* kwa kanji. Neno *herufi* libakie kwa abjadi kama yetu. Maoni ya walimu na wafasiri yanakaribishwa.