Merikebu Iliyolazwa Ubavu

Juni 1667 mabaharia wa Uholanzi waliingia Mto Medway, wakakata mnyororo uliofunga mto karibu na Gillingham, wakaiteka Royal Charles, merikebu kubwa ya mfalme wa Uingereza. Kuiteka hakukuwa kazi, maana haikuwa na watu wa kuipigania. Kazi ilikuwa kuitoa. Samuel Pepys, karani wa ofisi ya jeshi la wanamaji, aliandika katika shajara yake kwamba kwa maji na upepo wa siku zile, hata rubani hodari kuliko wote wa Chatham asingekubali kuiteremsha. Waholanzi waliilaza upande mmoja ili ichukue maji machache, wakaipitisha, wakaenda nayo kwao.

Kisa hiki husimuliwa kama aibu ya Mfalme Charles wa Pili na ushujaa wa Admirali Michiel de Ruyter. Mimi nakisimulia kwa ajili ya watu ambao majina yao hayatajwi: walioilaza, na walioijenga.

Kulaza merikebu kunataka kipimo. Ikisimama wima, mkuku ndio unaogusa tope kwanza. Uzito ukihamishiwa ubavu mmoja, chombo kinalala, mkuku unapanda, nacho kinaelea kwenye maji ambayo wima kisingeyaweza. Kikilala mno, maji yanaingia kwenye matundu ya mizinga; farumi nayo ikiteleza ndani, hakuna wa kuirudisha. Hapo anatakiwa mtu wa kutupa bildi na kutangaza kina bila kukosea, mshika usukani anayejua kwamba chombo kilicholala hakiitiki kama kilichosimama, na rubani anayesoma maji yanapojaa na yanapokupwa kwenye mto wenye kona nyingi na matope pande zote. Kosa la mmoja linawakwamisha wote, tena mbele ya adui. Watu wale waliifanya kazi hiyo kwenye mto usio wao, na chombo ambacho hawakukizoea.

Chombo chenyewe kilistahili mikono kama ile. Kilishushwa majini Woolwich mwaka 1655, kikiwa na nafasi ya mizinga 80. Merikebu za Kiingereza za wakati ule zilijengwa kwa mwaloni, na fundi hakuwa akipinda mbao nene ili apate mataruma. Alitafuta mti ambao tawi lake limekua na pindo analolitaka, ili nyuzi za mti zifuate umbo la chombo. Mafundi wa majahazi wa Lamu nao huchagua mataruma yao kwa jicho hilohilo. Mti wa namna hiyo haukui kwa haraka. Aliyeukata alivuna subira ya watu waliokufa zamani.

Jina la kwanza la merikebu hiyo lilikuwa Naseby, kwa ukumbusho wa vita ambamo jeshi la Bunge lilimshinda Charles wa Kwanza mwaka 1645. Omo yake ilibeba sanamu ya Oliver Cromwell, kiongozi wa upande wa Bunge, juu ya farasi. Mwaka 1660 mtoto wa mfalme yule alipoitwa arudi kutawala, ni merikebu hiyohiyo iliyomvusha kutoka Scheveningen hadi Dover, ikiwa imeshapewa jina lake. Baadaye sanamu iliondolewa. Mkuku na mataruma havikuguswa, kwa kuwa vilifanya kazi ileile kwa kila mtawala. Mwaka 1665, huko Lowestoft, ndiyo iliyobeba bendera ya Duke wa York, ndugu wa mfalme, dhidi ya Waholanzi.

Miaka miwili baadaye hazina ilikuwa tupu, na merikebu kubwa zikaachwa zimefungwa mtoni. Mabaharia walilipwa kwa hati, na hati hailishi watoto. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Hawa walicheza kwao wasitunzwe. Pepys alielezwa kwamba sauti za Kiingereza zilisikika kutoka kwenye merikebu za adui, zikisema kwamba sasa zinapigania fedha, si hati.

Lawama iliangushiwa Peter Pett, kamishna wa Chatham, wa ukoo mashuhuri wa mafundi wa merikebu. Aliulizwa kwa nini alitumia mashua kuokoa vielelezo vidogo vya merikebu badala ya merikebu zenyewe. Alijibu kwamba Waholanzi wangefaidika zaidi na vielelezo. Wakubwa walimcheka. Naona alikuwa amesema kweli, kwani anayeiba merikebu ana merikebu moja, lakini anayepata kipimo chake anaweza kujenga kundi zima.

Waholanzi wenyewe walilithibitisha hilo. Royal Charles ilizama mno majini kwa bahari yao yenye mafungu ya mchanga, ambayo mafundi wao waliijengea vyombo vya tumbo bapa. Wakaiweka Hellevoetsluis itazamwe na wageni, na mwaka 1673 ikauzwa ivunjwe. Nakshi za tezi yake, zenye simba na nembo ya kifalme, zimo hadi leo katika jumba la makumbusho la Rijksmuseum, Amsterdam.

Merikebu hutekwa kwa silaha, lakini ujuzi haufuati mnyororo wala bendera. Hukaa na mtu, na humwacha bwana asiyemlipa mtu huyo. Mfalme alikuwa na merikebu bora kuliko alivyostahili. Aliipoteza siku alipoacha kuwalipa waliojua kuiendesha, kabla Mholanzi yeyote hajaingia mtoni.